Maoni Yetu: Uhitaji Usipimwe Gizani

Kila mwaka, majina ya walioitwa vyuoni yanapotangazwa, zipo nyumba katika nchi hii ambamo furaha hudumu usiku mmoja tu. Asubuhi yake barua husomwa tena, na safari hii macho hayatafuti jina la chuo wala la kozi, yanatafuta tarakimu. Mama huuliza, "Ni pesa ngapi?" Mtoto hujibu kwa sauti ya chini, na nyumba nzima hunyamaza. Ng'ombe aliyebaki huhesabiwa, kipande cha shamba hupimwa kwa macho, mjomba aliyeko mjini hukumbukwa, na kamati ya harambee huanza kutajwa kabla chai haijapoa.

Ninyi wasomaji wetu mnaijua hali hiyo, kwa kuwa ninyi ndio mnaoketi katika kamati hizo. Mmesikia tangazo likitolewa baada ya ibada, mmepitisha bahasha, mmeandika majina na ahadi katika daftari. Hatuwezi kuubeza moyo huo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na vijana wengi wangalipotea njiani kama kanisa lingalingoja serikali itimize wajibu wake kwanza. Lakini tumelichagua jambo hili liwe maoni yetu safari hii kwa sababu tunaamini limejadiliwa kwa muda mrefu mno kama suala la huruma, ilhali ni suala la sheria. Na katika nchi yenye katiba, kuuliza sheria inasema nini ni kuuliza nani ana mamlaka, na anayatumia kwa idhini ya nani.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili asiwepo wa kutusingizia. Tunakubali kwamba fedha za umma za elimu ya juu zigawanywe kwa kuzingatia uhitaji wa mwanafunzi. Tunachokikataa ni kipimo cha uhitaji kinachotungwa ofisini, kubadilishwa ofisini na kufichwa ofisini. Kipimo hicho sharti kijadiliwe hadharani, kipitishwe na Bunge, kiandikwe katika sheria, na kiwe na mlango wa rufaa ulio wazi kwa aliyeonewa. Msaada wa serikali usio na sheria nyuma yake ni hisani, na hisani haikosi kumdai aliyeipokea.

Tulikotoka

Mwaka wa 1974 serikali ilianzisha mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu. Masomo yenyewe yaligharamiwa na umma, na mkopo ulikuwa wa kujikimu, pamoja na ile posho ambayo wanafunzi waliipa jina la "boom". Enzi hizo ziliwasomesha wana wa wakulima na wafugaji ambao baadaye walikuwa madaktari, walimu, mahakimu na makatibu wa wizara. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mkubwa: haukuwekewa sheria madhubuti ya kuzirejesha fedha, na wengi waliokopa hawakulipa.

Kisha zikaja siku za kugawana gharama. Waraka wa Bunge Nambari 6 wa mwaka wa 1988 ulitangaza kwamba mzazi na mwanafunzi watabeba sehemu ya mzigo, na mashirika ya fedha ya kimataifa yalikuwa yakiihimiza njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma wakatakiwa kulipa karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Migomo ikazuka, vyuo vikafungwa. Tuukumbuke mwaka huo vizuri. Ndio mwaka ambao, mwezi wa Desemba, Kifungu cha 2A kilifutwa katika katiba ya zamani na vyama vingi vikaruhusiwa tena. Wananchi walirudishiwa haki ya kuchagua chama katika mwaka ule ule ambao watoto wao walipelekewa bili.

Tukumbuke pia jinsi utawala wa siku zile ulivyowashika wanafunzi. Vyuo vilipofungwa, wanafunzi waliamriwa kurudi vijijini na kupiga ripoti kwa chifu. Chifu huyo huyo ndiye ambaye baadaye mhuri wake ulitakiwa kwenye fomu ya mkopo ili kuthibitisha habari za mwombaji na za wazazi wake. Hatusemi kwamba machifu wote walikuwa waovu. Wengi walitia mhuri kwa moyo mweupe. Tunasema kwamba mtu aliyekuwa mkono wa serikali kijijini, asiyechaguliwa na yeyote, aliwekwa awe shahidi wa umaskini wa raia. Mzazi aliyeonekana kusimama upande usiopendwa wakati wa uchaguzi alijua kwamba mhuri ule ungeweza kuchelewa. Huo ndio ubaya wa hisani. Mkubwa hahitaji kumnyima mtu ili amtie hofu. Yatosha mtu ajue kwamba anaweza kunyimwa.

Sheria ya 1995 na pengo lake

Mwaka wa 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ndipo ikazaliwa taasisi tunayoijua kwa jina la HELB. Ilikuwa hatua ya mbele. Mkopo ulipata msimamizi aliyeundwa kwa sheria, hazina yake na kanuni za kuulipa. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tulisoma kwa mkopo, na hatuoni aibu kusema kwamba bila huo tusingekuwa mawakili.

Lakini isome sheria hiyo kwa jicho la wakili, nawe utaona mkono mmoja mzito na mwingine mwepesi. Upande wa kudai, sheria inasema kwa ukali. Aliyekopa aanze kulipa katika mwaka 1 baada ya kumaliza masomo. Mwajiri amkate mshahara na kuiwasilisha fedha hiyo. Anayechelewa ajiongezee adhabu, na adhabu yenyewe imetozwa kwa kiwango cha shilingi 5,000 kwa mwezi. Upande wa kutoa, sheria inanong'ona. Kazi ya kuweka vigezo na masharti ya mkopo imeachiwa Bodi yenyewe. Neno la kumwambia mtoto wa maskini, "Ukiwa katika hali hii, taifa lina deni kwako," halimo.

Hilo ndilo pengo. Raia anajua kwa sheria jinsi atakavyodaiwa, lakini hajui kwa sheria jinsi atakavyopewa. Deni lake ni haki ya serikali; msaada wake ni uamuzi wa ofisi.

Katiba ya 2010 ilipaswa kuliziba pengo hilo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na maafisa wa serikali, na kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo haki yake imeguswa vibaya au huenda ikaguswa. Kifungu cha 94 kinasema kwamba hakuna mtu wala chombo, ila Bunge, chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, isipokuwa kwa mamlaka yaliyotolewa na Katiba au na sheria. Yaweke maneno hayo mezani pamoja, kisha uulize: je, mpango unaoamua nani atasoma udaktari na nani atabaki nyumbani waweza kuwa tangazo tu?

Makundi ya mwaka wa 2023

Mwezi wa Mei 2023 Rais alitangaza mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi. Kabla yake, serikali ilivipelekea vyuo vikuu fungu kwa kila mwanafunzi iliyemdhamini kulingana na gharama ya kozi, bila kuuliza mzazi wake ni nani. Mwana wa bwanyenye na mwana wa kibarua walipata ruzuku ile ile. Tena fungu hilo halikufika lote, na vyuo vikazama katika madeni. Hatuulilii mfumo huo, wala hatuombi urudi kama ulivyokuwa.

Mfumo mpya uliigawa gharama ya kozi katika mafungu 3: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia. Mwaka wa 2023 wanafunzi waligawanywa katika makundi 4. Mwaka uliofuata makundi yakawa 5, na asilimia zikabadilika. Kwa mpangilio wa 2024, Kundi la Kwanza, la familia zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia ikaachiwa asilimia 5. Kundi la Pili, mwisho wake shilingi 23,670, familia ilitakiwa kulipa asilimia 10. Kundi la Tatu, mwisho wake shilingi 70,000, asilimia 20. Kundi la Nne, mwisho wake shilingi 120,000, asilimia 30. Kundi la Tano, la waliozidi hapo, lilipewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia ikaachiwa asilimia 40.

Kwa mbali, ngazi hiyo inapendeza. Aliye chini anasaidiwa zaidi, aliye juu anajitegemea zaidi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hesabu za mwenye shibe zahitaji kukaguliwa. Tuchukue kozi inayogharimu shilingi 300,000 kwa mwaka, tuitie katika ngazi hiyo.

Mtoto wa Kundi la Kwanza angeachiwa na serikali shilingi 15,000 za kutafuta nyumbani kila mwaka. Kwa familia yenye shilingi 5,995 kwa mwezi, hayo ni mapato ya miezi 2 na nusu, bila kula, bila kuvaa, bila kununua dawa. Kisha mkopo wa karo ungekuwa shilingi 75,000, na juu yake mkopo wa kujikimu uliowekwa kuwa shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 135,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni shilingi 540,000 kabla ya riba. Mtoto wa Kundi la Tano angekopeshwa shilingi 90,000 za karo na 40,000 za kujikimu. Kwa miaka 4 ni shilingi 520,000. Tazama basi. Yule aliyetoka katika nyumba maskini kuliko zote angehitimu na deni kubwa kuliko la yule wa kundi la juu, na tena huyu wa juu ana mzazi wa kumsaidia kulipa. Ngazi imepanda kwa upande wa ufadhili, lakini kwa upande wa deni imelala chini.

Tutazame pia mipaka ya makundi. Familia yenye shilingi 23,670 kwa mwezi ingelipa asilimia 10 ya kozi hiyo, yaani shilingi 30,000. Jirani yao mwenye shilingi 23,671 angelipa asilimia 20, yaani shilingi 60,000. Shilingi 1 ya mapato imeleta shilingi 30,000 za karo! Na hiyo shilingi 1 ilihesabiwa na nani? Mapato ya mwalimu au ya karani yamo katika hati ya mshahara. Lakini ya mama anayeuza mboga hubadilika kwa mvua na kwa bei ya soko. Ya mchuma chai hufuata msimu. Ya mfugaji hutembea kwa miguu 4, na ukame wa mwaka mmoja huyamaliza. Kupima mapato ya watu kama hao kwa fomu iliyojazwa kwa kompyuta na kijana wa miaka 18 ni kazi ngumu. Hatumlaumu anayeijaribu. Tunamlaumu anayeijaribu kisha akafunga mlango, akasema matokeo yake hayana makosa.

Ndiyo maana wakati wa usajili wa 2024 malalamiko yalijaa kote nchini, ya wazazi waliodai kwamba watoto wao wamewekwa katika makundi yasiyolingana na hali za nyumba zao. Serikali ikaunda kamati ya kuupitia mfumo. Wanaharakati wa haki za binadamu na wanafunzi nao walikuwa wamekwenda mahakamani, na tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba: ulibagua, haukuwa na msingi wa kisheria, na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo wakati rufaa ikisubiri kusikizwa.

Tunaheshimu mahakama zote mbili, na hatuandiki ukurasa huu ili kuhukumu mahali pa majaji. Hoja yetu ni kwamba kesi hiyo isingekuwepo kama njia iliyonyooka ingefuatwa tangu mwanzo: kuleta mswada Bungeni, kuuchapisha, kuwasikiliza wananchi kama Kifungu cha 118 kinavyoagiza, kisha kupiga kura. Serikali inayokwepa Bunge ili iende haraka huishia mahakamani, na huko ndiko mambo yanakochelewa. Gharama ya kukwepa huko hakuilipa waziri. Aliilipa mwanafunzi aliyelala na sanduku lake lililofungwa tayari, asijue kesho atalipishwa kwa mfumo upi.

Mfano wa mbali

Wako watakaotuambia kwamba msaada hauwezi kuwa haki ya kisheria, kwa kuwa fedha ni chache na waombaji ni wengi. Kwa ajili yao tunaleta mfano mmoja wa mbali, si kwa sababu cha mbali ni bora, bali kwa sababu jambo hili tunaloambiwa haliwezekani limewahi kuandikwa katika sheria.

Jimbo la California, huko Marekani, lina mpango wa ufadhili uitwao Cal Grant. Kwa miaka mingi idadi ya waliopata iliwekewa kikomo, na mwanafunzi aliyetimiza masharti yote aliweza kukosa kwa sababu nafasi zimekwisha. Mwaka wa 2000 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria mpya. Sheria ikasema kwamba kila anayemaliza shule ya upili akiwa na alama zilizotajwa, mapato ya familia yasiyovuka kiwango kilichowekwa na uhitaji uliothibitishwa, akiomba kwa wakati, amehakikishiwa ufadhili huo. Nao si mkopo. Neno lililobadilika pale ni moja, lakini zito: kutoka "anaweza kupewa" hadi "atapewa".

Wala mfano huo hauna kasoro chache. Sheria ile ile iliwatenga waliochelewa kuingia chuoni, watu wazima na wenye kulea watoto, ikawaweka katika mashindano ya nafasi 22,500 kwa mwaka hapo mwanzoni. Somo lake kwetu liko wazi hata katika kasoro hiyo. Pale sheria iliposema "atapewa", mwanafunzi alipanga maisha yake akijua. Pale iliposema "ashindane", alirudi katika foleni. Tofauti haikuwa ukarimu wa gavana. Ilikuwa maneno ya sheria.

Na wasomaji wetu wa makanisani hawahitaji kwenda mpaka California. Katika sheria ya Musa mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba lake, wala asiokote masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Angalieni lilivyopangwa jambo lile. Maskini hakuambiwa abishe mlango wa tajiri akaombe. Hakuambiwa alete shahidi kwamba ni mtu mtiifu. Pembe ya shamba ilikuwa yake kwa amri, na Ruthu aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji alikuwa akitumia sheria kabla ya kuupata wema wa mtu. Wema wa Boazi ulikuja juu ya sheria; haukuja mahali pa sheria. Hivyo ndivyo tungetaka harambee zetu ziwe: nyongeza juu ya haki, si badala yake.

Tunachokidai

Kwanza, tafsiri ya uhitaji iandikwe katika sheria ya Bunge, na jedwali la viwango lifungwe humo humo. Serikali ikitaka kubadilisha kiwango, ilete badiliko hilo Bungeni kabla ya wanafunzi kuomba, wala si baada ya kuripoti. Jedwali hilo litazame idadi ya watoto wanaosoma katika nyumba moja, ugonjwa, ulemavu na ukame, na mipaka ya makundi iteremke taratibu ili shilingi 1 isimwangushe mtu.

Pili, kila mwombaji apewe uamuzi kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, ukieleza ni taarifa zipi zilizotumika na jinsi zilivyopimwa. Kifungu cha 47 na Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015 tayari vinaelekea huko. Kumwambia mtu "umewekwa Kundi la Nne" bila kumpa sababu si uamuzi; ni amri.

Tatu, pawe na baraza huru la rufaa lenye vikao katika kila kaunti, na mwanafunzi asifukuzwe darasani wakati rufaa yake inasubiri. Rufaa inayosikizwa na ofisi ile ile iliyokosea ni kumpelekea fisi malalamiko ya mbuzi.

Nne, walio maskini kabisa wapewe ufadhili, si deni. Na kwa wanaokopa, adhabu ya kuchelewa isimwangukie kijana ambaye bado hajapata kazi. Sheria imtofautishe asiyetaka kulipa na asiye na cha kulipa.

Tano, sheria ikishatamka nani anastahili, Hazina ya Kitaifa itoe fedha kwa tarehe iliyotajwa, na kila mwaka hesabu zichapishwe kwa kila kaunti: walioomba, waliopewa, walionyimwa, waliokata rufaa na walioshinda. Majina ya watu yahifadhiwe, tarakimu zisifichwe.

Sita, mkono wa siasa utoke. Basari za maeneo bunge zimewafaa wengi tangu Sheria ya CDF ya 2003, nasi hatukani. Lakini mara ngapi tumeona hundi ikikabidhiwa jukwaani, mtoto akisimamishwa mbele ya umati ili umaskini wake ushangiliwe? Fedha ni za mlipa ushuru, picha ni ya mheshimiwa. Anayestahili apelekewe haki yake kimya kimya, kama mtu anayelipwa mshahara wake.

Tutajibiwa kwamba hazina ni tupu. Jibu la Katiba liko katika Kifungu cha 20: serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama hizi, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Basi na ithibitishe. Ilete vitabu vya hesabu, ioneshe magari, safari na ofisi zilizolipiwa mwaka ule ule ambao mtoto wa mjane aliambiwa hakuna. Huenda tukakubaliana kwamba fedha hazitoshi kwa kila kitu. Hatutakubaliana kwamba wa kwanza kukosa awe yule asiye na sauti.

Tutajibiwa pia kwamba sheria ni nzito kubadilika, na hali za watu hubadilika upesi. Ni kweli. Lakini ndiyo maana tunadai baraza la rufaa. Uzito huo ndio unaomlinda mnyonge dhidi ya badiliko la usiku.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Ndugu wasomaji, mswada mzuri hauandikwi kwa kuombewa tu. Kila parokia, kila usharika, kila kikundi cha wanaharakati kina mtu anayejua kuandika barua. Mtu huyo na awasaidie wanafunzi wa eneo lake kudai sababu za maandishi. Nakala ziwekwe, kwa idhini yao, ili siku kamati ya Bunge itakapoalika maoni tusiende na manung'uniko matupu bali na ushahidi. Kamati ya harambee iliyozoea kuandika ahadi za michango inaweza pia kuandika ni watoto wangapi waliwekwa katika kundi lisilo lao, na pengo la karo lilikuwa kiasi gani. Na mwanasiasa atakapokuja ibadani na bahasha ya basari mkononi, aulizwe kwa adabu, hadharani: mswada wa kuifanya basari hii kuwa haki uliuunga mkono lini?

Tulipodai vyama vingi tuliambiwa kwamba mwananchi anahitaji chakula, hahitaji katiba. Tulijua wakati ule, na tunajua sasa, kwamba asiye na sheria ya kumlinda hata chakula chake hukila kwa ruhusa. Methali inasema mnyonge hana haki. Wahenga walikuwa wakieleza dunia waliyoiona. Hawakutuagiza tuiache hivyo. Mtoto anayesoma barua yake ya chuo asubuhi hii anastahili kuipata ndani yake sheria ya nchi yake, iliyoandikwa kwa maneno ambayo mama yake anaweza kuyasoma, na ambayo hakuna mkubwa awezaye kuyafuta kwa kalamu ya ofisini.